Uzoefu wangu na programu ya kufuatilia muda inayojibunia saa
Laiti ningeandika maoni haya mapema, ningeimwagia programu hii sifa tupu. Wiki za mwanzo ilinifumbua macho: niliamini kwamba asubuhi zangu zinaishia kwenye uandishi wa ripoti, kumbe sehemu kubwa ilikuwa ikimezwa na barua pepe, si kwa wingi wake, bali kwa sababu nilizifungua kila baada ya dakika chache na kila mara ilinichukua muda kurudi pale nilipoachia. Nikazihamishia alasiri, na ripoti zikaanza kukamilika kabla ya siku ya mwisho.

Kisha likaja toleo jipya. Tangu hapo, skrini ya simu ikizimika, saa ya programu husimama kimyakimya, na pengo linalobaki haliachwi wazi, kwani programu hulijaza yenyewe kwa kufuata mazoea ya siku zilizopita. Nililibaini Ijumaa moja nilipofungua mchoro wa wiki na kukuta kipande kipana cha kijani kilichoandikwa "Mapumziko" kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, muda uleule niliokuwa kwenye kikao kizito ambacho hakikutoa hata nafasi ya kunywa maji. Nikarudi nyuma siku baada ya siku. Saa za kweli na saa za kubuni zilikuwa zimechanganyika kwa rangi moja, bila alama yoyote ya kuzitofautisha. Kibaya zaidi, kwa kuziamini rangi hizo nilikuwa nimeanza kujinyima matembezi ya jioni, nikidhani napumzika kupita kiasi.

Hitilafu yenyewe ningeivumilia, maana mipangilio ya kuokoa betri inajulikana kwa kuzima programu zinazoendelea chinichini. Kilichonikera ni huduma kwa wateja. Niliwaeleza kwa adabu, nikaambatisha picha za skrini na kuuliza jambo moja tu: nitazitambuaje saa zilizobuniwa? Mhudumu akanijibu kwamba nizirekebishe kwa kukadiria, kwa kuwa tofauti ya saa chache haiharibu kitu, na nilipouliza tena akalifunga shauri langu bila neno.

Kukadiria! Anayeniuzia chombo cha kupimia muda ananiambia nikadirie. Peter Drucker, aliyeandika sana juu ya uongozi, alisisitiza kwamba matumizi ya muda yaandikwe papo hapo, wala si baadaye kwa kutegemea kumbukumbu. Mwanabiolojia wa Kisovieti Alexander Lyubishchev aliandika matumizi ya muda wake tangu mwaka 1916 hadi alipofariki mwaka 1972, akijumlisha kila mwezi na kila mwaka, na hesabu zake zilikuwa na maana kwa sababu kila saa iliandikwa na mtu aliyeitumia. Wiki nzima ina saa 168. Ukiondoa usingizi na shughuli zisizoepukika, kinachobaki ni kidogo kiasi kwamba saa nne za uongo zinatosha kukufanya ukate jambo lisilostahili kukatwa.

Nilianza kuandika nikikusudia kuipa nyota tatu kwa heshima ya wiki zile za mwanzo, na hata sasa nakiri kwamba sijaona nyingine yenye kitufe chepesi namna hii cha kuanzisha na kusimamisha saa. Lakini kila nikilikumbuka lile jibu, nia inabadilika. Naipa nyota moja. Watengenezaji wakituwekea njia ya kuzima ujazaji huo na kuzitia alama saa walizozibuni, nitairudia siku hiyohiyo. Kwa sasa saa zangu naziandika daftarini. Wewe unayeendelea kuitumia, fungua wiki zako zilizopita, uzilinganishe na kalenda yako ya vikao kabla hujapanga lolote kwa kutegemea mchoro ule.