Tahadhari: kompyuta inakimbia kwenye video ya muuzaji, ikifika kwako inatambaa

Wakuu, kama unatafuta kompyuta ya mezani ya mtumba, hasa hizi ndogo zinazotumia adapta ya nje kama ya laptopu, soma hapa kabla hujatuma hela. Mimi nimeshapigwa.

Muuzaji nilimpata mtandaoni. Mashine ina Core i7-6700T, prosesa ya mwaka 2015 yenye kori 4, spidi ya msingi gigahezi 2.8, ikikazana inafika 3.6. Kwenye video yake anafungua Task Manager, lile dirisha la Windows linaloonyesha spidi na kazi ya prosesa, anawasha programu nzito, spidi inapanda mpaka 3.4. Safi kabisa. Nikalipa, mzigo ukafika, siku mbili nikafanya kazi bila shida. Siku ya tatu nikapiga Windows upya, maana sipendi kutumia Windows iliyopigwa na mtu nisiyemjua. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Unabofya folda, unakwenda kunywa maji, unarudi bado inafunguka.

Task Manager ikasema gigahezi 0.79, yaani kama megahezi 800. Nikadhani imepumzika tu, kwa sababu prosesa isiyo na kazi hushusha spidi na huo si ugonjwa. Nikaipa faili kubwa ibane. Bado 0.79. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba matumizi hayakuvuka asilimia 28, utadhani haina kazi, kumbe inahema. Ni hesabu tu: Task Manager ya Windows 10 hupima kazi kwa kulinganisha na spidi ya msingi, na 0.79 ukigawa kwa 2.8 unapata hiyohiyo 28. Ukiona grafu imekatika juu kama imepigwa rula, shtuka.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu lilikuja upesi: "Umeiharibu mwenyewe, umefuta draiva." Nikamwamini nusu, nikarudishia draiva zote. Mpangilio wa umeme nikauweka juu, vumbi nikapuliza, pesti ya kupoozea prosesa nikabadilisha, bayosi (mipangilio ya bodi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka) nikairudisha ilivyotoka kiwandani. Wapi! Na joto lilikuwa nyuzi 41 tu, kwa hiyo haikuwa inajipunguza kwa sababu ya kuungua.

Prosesa iliyo baridi na bado imeganda kwenye megahezi 800 kuna kitu kingine kinachoishika breki. Kuna ishara inaitwa PROCHOT. Prosesa huitumia ikizidiwa na joto, lakini kwenye bodi nyingi vifaa vingine navyo vinaweza kuivuta waya hiyohiyo: sehemu ya kugawa umeme, au saketi inayokagua adapta. Ikivutwa, prosesa inashuka kwenye kizidisho cha chini, mara 8 ya megahezi 100, inakaa hapo. Nikaingia tena bayosi, safari hii nikasoma kila mstari. Adapta: haitambuliki. Nikaazima adapta halisi, hali ileile. Nikamulika tundu la umeme kwa tochi ya simu: ile sehemu ndogo ya katikati, inayoiambia bodi adapta ni ya wati ngapi, imekatika.

Sasa kwake ilikimbiaje? Nikairudia video, nikaisimamisha. Kando ya saa, pembeni chini, kuna tarakimu ndogo. Ni ThrottleStop, inaonyesha joto. Programu hiyo yenyewe si mbaya, ila ina kisanduku cha BD PROCHOT. Ukitoa alama, prosesa inaacha kusikiliza breki inayotoka nje. Aliiweka ijiwashe yenyewe kila Windows inapofunguka, nami nikaifuta bila kujua. Nilipoipakua na kutoa alama, spidi iliruka hadi 3.4 palepale. Kwa hiyo alijua vizuri sana anachouza. Na mashine inayoendeshwa hivyo inaweza kuvuta umeme kuliko adapta inavyomudu, bila kitu cha kuizuia.

Video ya muuzaji isikutoshe. Mwambie aizime kabisa, aingie bayosi mbele ya kamera, akuonyeshe adapta inatambuliwa na wati zake zinasomeka. Kama mnakutana ana kwa ana, nenda na flashi yenye Linux (mfumo mwingine badala ya Windows), iwashe kompyuta kutoka humo ili chochote alichoficha kwenye diski yake kisipate nafasi. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, andika watch grep MHz /proc/cpuinfo, kisha ipe kazi nzito dakika kumi. Namba zikikwama 800 wakati ina kazi, funga begi lako. Akikataa flashi yako kwa kisingizio cha virusi, usibishane naye, ondoka.

Mimi ameshanifungia, ujumbe hauendi. Tangazo lake bado lipo, anauza "nyingine kama hiyo", na video aliyoweka ni ya mashine hii iliyo hapa mezani kwangu, na mkwaruzo wake ubavuni.