Diski mbili za polepole kabla ya moja ya kasi: mwongozo wa kununua hifadhi ya picha, muziki na filamu

Anayeuliza aweke wapi picha, muziki na filamu zake kwa kawaida huwa ameshaamua. Ameona SSD, yaani diski ya chipu, ndogo inayoenea kiganjani, imeandikwa kasi ya megabaiti 1,000 kwa sekunde, na anachotafuta ni mtu wa kumwambia kwamba amechagua vyema. Mimi humwambia anunue diski ngumu mbili za kawaida, zile za kuzunguka, ambazo kasi yake haifiki hata robo ya hiyo. Wengi hununa.

Lakini kasi siyo anayoihitaji. Picha za harusi huandikwa kwenye diski mara moja tu. Kuanzia hapo shida yako ni kuzikuta siku utakayozitaka. Kwa hiyo nimezipanga chaguo hizi kwa kipimo kimoja: kwa pesa ileile, ipi ina nafasi kubwa zaidi ya kukurudishia mafaili yako baada ya miaka kumi? Anayehariri video kila siku ana mahitaji mengine, naye aanze kusoma kwenye nafasi ya pili.

1. Diski ngumu mbili za nje

Hii ni teknolojia kongwe. Ya kwanza, ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5, yaani karibu na uzito wa picha moja ya simu ya leo. Tangu hapo kilichobadilika ni ukubwa na usahihi, ila kazi ni ileile: sahani inazunguka, kichwa kidogo kinaelea juu yake, nacho kinaandika na kusoma kwa sumaku. Sumaku hiyo haihitaji umeme ili ibaki pale ilipo. Diski iliyotunzwa vizuri kabatini kwa miaka kadhaa ina nafasi nzuri ya kuamka na kila kitu chake.

Sifa ya pili ni namna inavyokufa. Mara nyingi hutoa dalili: inagonga, inasoma faili moja kwa dakika nzima, au namba za SMART zinaanza kupanda. SMART ni kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huionyesha. Namba ya kutazama ni ya sekta zilizohamishwa (Reallocated Sectors), yaani vipande vibovu vya sahani ambavyo diski imeacha kuvitumia. Ikiwa sifuri, endelea na maisha. Ikianza kupanda wiki hadi wiki, hamisha mafaili siku hiyohiyo.

Zinaharibika kwa wingi kiasi gani? Backblaze, kampuni ya hifadhi ya mtandaoni yenye diski laki kadhaa, huchapisha takwimu zake, na kwa miaka ya karibuni kiwango chao huwa kati ya asilimia 1 na 2 kwa mwaka. Hizo ni diski za ndani zinazotulia kwenye makabati yenye ubaridi; yako inatupwa mkobani, basi usijipe asilimia hiyo. Ndiyo maana nasema mbili. Diski moja ya terabaiti 4 ni kubahatisha. Mbili za terabaiti 2 zenye mafaili yaleyale, moja ikikaa kwa ndugu au rafiki, ni mpango.

Usihangaike sana na jina la kampuni. Watengenezaji wa diski ngumu duniani wamebaki watatu tu, Seagate, Western Digital na Toshiba, na sanduku lolote lenye jina jingine lina diski ya mmoja wao ndani. Ningechukua mbili za kampuni tofauti, au angalau zisizotoka kwenye mzigo mmoja, kwa sababu kasoro ya kiwandani huwapata mapacha pamoja.

Kuna saizi mbili. Ya inchi 2.5 hupata umeme kupitia kebo yake ya USB, na nyingi zake huishia terabaiti 5. Ya inchi 3.5 inataka adapta yake ya umeme, haifai kubebwa, ila kwa kila terabaiti huwa nafuu zaidi na hufika terabaiti 20 na kupita. Kama diski haitoki mezani, chukua ya inchi 3.5.

Sasa jambo ambalo sanduku halikwambii. Diski nyingi ndogo hutumia mpangilio uitwao SMR, ambamo njia za data hulaliana kama vigae vya paa ili nyingi zaidi zienee kwenye sahani moja. Kusoma hakuathiriki. Tatizo ni kubadilisha kilichokwisha andikwa: ukigusa njia moja, jirani zake nazo lazima ziandikwe upya, na diski inaweza kuzama hadi kasi ya kukatisha tamaa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba watengenezaji walikuwa wakiuza diski za namna hii bila kuitaja, hata zile zilizokusudiwa kwa seva za nyumbani, na kesi zikafunguliwa. Kwa kazi yetu ya kuandika mara moja na kuhifadhi, SMR haina neno. Kwa diski ya kufanyia kazi kila siku, ikatae.

Kingine: kwenye baadhi ya diski za inchi 2.5, tundu la USB limeunganishwa moja kwa moja na bodi ya diski yenyewe. Tundu likivunjika, huwezi kuitoa diski kwenye ganda na kuichomeka kwingine. Usiisukume wala kuivuta kebo ikiwa imepinda, na usiiache ikining'inia.

2. SSD ya nje

Siichukii SSD. Haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo ikianguka kutoka mezani huwa inaokotwa na kuendelea na kazi, wakati diski ngumu iliyoanguka ikiwa inazunguka huenda ndiyo mwisho wake. Kwa anayesafiri na kamera, au anayehariri moja kwa moja kutoka diski ya nje, hii ndiyo namba moja bila mjadala.

Ninachokataa ni kuifanya ghala la mwisho. SSD huhifadhi data kama chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya seli, na chaji huvuja polepole. Kiwango cha JEDEC, chombo cha viwango vya vifaa vya elektroniki, kinaitaka SSD ya mtumiaji wa kawaida ishike data mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi 30 za Selsiasi, tena ikiwa imeshachakaa hadi kikomo chake cha kuandikiwa. SSD mpya hushika muda mrefu zaidi ya huo, hivyo usiogope likizo. Lakini ikae droo miaka sita bila kuchomekwa? Sithubutu.

Halafu inakufa kimyakimya. Leo inafanya kazi, kesho kompyuta haiioni kabisa, na kuirudisha data ni kazi ngumu kuliko kwenye diski ngumu. Mwaka 2023 SSD za nje zilizokuwa zikisifiwa sana na wapiga picha zilianza kupoteza data, na mtengenezaji akalazimika kutoa sasisho la programu iliyomo ndani yake. Sifa njema hazikuwasaidia waliokuwa na nakala moja.

Ukinunua, angalia aina ya seli. TLC huweka biti tatu kwenye kila seli, QLC huweka nne. QLC ni nafuu, lakini ukiimiminia mafaili ya gigabaiti mia kadhaa kwa mkupuo, eneo lake la kasi hujaa na baada ya hapo huanza kutambaa. Zile megabaiti 1,000 za kwenye sanduku ni za dakika za mwanzo. Na zinahitaji tundu la USB linaloweza kuzipokea. Kompyuta yenye USB 3.0 ya gigabiti 5 kwa sekunde itakupa karibu nusu yake, basi usilipie ya ziada.

3. Hifadhi ya mtandaoni

Kama nakala ya tatu, nzuri sana. Nyumba ikiungua, mafaili yako yapo kwingine bila wewe kumsumbua ndugu. Kama nakala pekee, hapana, na hapa naomba nivumiliwe kidogo, maana nimechoka kusikia kwamba "vitu vikishakuwa mtandaoni havipotei".

Mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba muziki, picha na video zilizopakiwa miaka mitatu na zaidi kabla ya hapo zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Mwaka huohuo Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki. Wanunuzi walirudishiwa pesa, lakini vitabu walivyodhani ni vyao vikatoweka kwenye vifaa vyao. Tarehe 1 Juni 2021 Google Photos iliacha kupokea picha bila kikomo bure. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyokuwa kampuni ya mtaani. Na filamu "uliyoinunua" kwenye huduma ya kutazama mtandaoni ni ruhusa tu ya kuitazama, inayodumu kadiri mkataba wao na mwenye filamu unavyodumu. Ninachokipenda kweli nataka faili lake, kwenye diski ninayoweza kuishika.

Unapochagua huduma, tofautisha mbili zinazofanana kwa nje. Ya kusawazisha hunakili kila unachofanya, kufuta pia: ukifuta folda kwenye simu, inafutika kila mahali. Ya nakala ya akiba huweka matoleo ya zamani kwa muda. Uliza wanaweka siku ngapi. Na kabla ya kulipia, pima kasi yako ya kupakia, siyo ya kupakua. Terabaiti 1 kwa megabiti 10 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja) ni zaidi ya siku tisa mfululizo.

4. Diski za kuchoma

Watu hucheka nikizitaja. Diski ya Blu-ray hubeba gigabaiti 25, ya tabaka tatu hufika 100, na aina ya M-DISC huandikwa kwenye tabaka la madini badala ya rangi ya kikemikali inayofifia kama ilivyo kwenye CD na DVD za kawaida. Watengenezaji wake walidai miaka 1,000, dai ambalo hakuna atakayebaki hai kulithibitisha. Faida yake ninayoiamini ni nyingine: kilichochomwa hakifutiki kwa bahati mbaya wala kwa kirusi. Tatizo ni upande wa kusomea. Sony iliacha kutengeneza Blu-ray za kuandikia Februari 2025, na laptopu mpya zenye kisomeo cha diski karibu zimekwisha. Gigabaiti 50 za picha bora kabisa za familia, sawa. Maktaba nzima ya filamu, hapana.

5. Seva ndogo ya nyumbani

Yaani NAS, sanduku la diski mbili au zaidi lililounganishwa na ruta. Ni kifaa kizuri cha kutazamia filamu kwenye vyumba vyote, na kwa mpenda kompyuta ni raha. Ila diski zake mbili zinazofanana siyo nakala ya akiba: ukifuta faili, limefutika kwenye zote mbili papo hapo. Inafuata baada ya diski za nje. Haichukui nafasi yake.

6. Flashi na memori kadi

Za kubebea, basi. Chipu zake mara nyingi ni za daraja la chini, na bandia zimejaa. Flashi ya gigabaiti 32 hubadilishwa programu ya ndani ili kompyuta iione kuwa ya terabaiti 2. Unanakili, hakuna anayelalamika, na mafaili ya mwisho hayapo. Ukishanunua, ijaze yote kwa programu ya majaribio, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac, kabla hujaiamini na kitu chochote. Uwezo mkubwa ajabu kwa bei ya kutupa ni bandia, sihitaji kuiona.

Siku ya kuifungua

Diski mpya yoyote ijaze kwa jaribio kama hilo, usome SMART, kisha ndipo uweke mafaili. Za kasoro huwa zinajitokeza mapema, wakati risiti bado ina maana. Usishtuke terabaiti 1 ikionekana gigabaiti 931 kwenye Windows: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024.

Fomati, yaani namna diski inavyopanga mafaili yake, ina maana kuliko watu wanavyodhani. FAT32 haipokei faili la gigabaiti 4 na kuendelea, hivyo filamu nyingi zitakataliwa. NTFS ni nzuri kwa Windows, lakini Mac huisoma tu bila kuiandika. exFAT hufanya kazi kote, ila haina daftari la kujirekebisha umeme ukikatika katikati ya kunakili, basi itoe diski kwa utaratibu kila mara. Ile itakayokaa nje ya nyumba ifunge kwa neno la siri, kwa programu kama BitLocker ya Windows, Disk Utility ya Mac au VeraCrypt, na neno hilo uliandike pahali ambapo mtu wa nyumbani atalipata.

Ukimaliza kunakili, ichomoe. Mei 2017 WannaCry, kirusi cha kudai fidia, ilifunga mafaili ya kompyuta duniani kote, pamoja na yale ya kwenye diski zilizokuwa zimechomekwa wakati huo. Na kama diski mpya inakwenda kwa megabaiti 40 kwa sekunde, usiirudishe dukani kabla hujabadilisha kebo. Kebo nyingi za USB-C zinazokuja na chaja za simu ni za USB 2.0, ambayo hukwama kwenye kasi kama hiyo.