Taimushea: Usiulize Bei, Uliza Inaisha Lini

Julai 2018 nilinunua wiki moja ya Orlando, Florida. Sikuifuata Orlando wiki. Tulikwenda na Baba Nasra na watoto watatu kumwona Mickey, tukamkuta kijana kwenye ukumbi wa hoteli, ana kimeza na vipeperushi, akasema tukimsikiliza dakika 90 tu kesho asubuhi atatupa tiketi mbili za Disney na kadi ya dola 100. Mimi ni mtu wa zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, Columbus, Ohio. Dakika 90 za kukaa kwenye kiti, kiyoyozi kinapuliza na chai ya bure, nikaziona mapumziko. Tuliingia saa tatu asubuhi, tukatoka saa nane na nusu mchana, watoto wamelala kwenye zulia.

Tulitoka na mkataba. Bei dola 16,500, malipo ya awali 1,650, zilizobaki mkopo wa kampuni hiyohiyo kwa riba ya asilimia 16.9, miaka 10. Piga hesabu: dola 257 kila mwezi, na mpaka mwisho mkopo wa 14,850 utakuwa umemeza 30,800 na ushei. Na wiki yenyewe si ya kila mwaka. Mwaka huu ndiyo, mwaka ujao hapana. Hilo nililijua nimeshafika nyumbani na kufua nguo za safari. Kampuni siitaji, bado tuko pamoja, na wanasheria wao wana nafasi kuliko mimi.

Kwa ambaye hajakutana nayo: taimushea ni kununua zamu. Nyumba moja ya likizo, wiki 52, kila mtu na wiki yake. Siku hizi wengi wanauza pointi badala ya wiki, unazibadilisha kwa siku za kukaa. Ukubwa wa vyumba, jiko, bwawa, sitavigusa. Vyumba ni vizuri. Hapo hawadanganyi, ndiyo maana wanakutembeza kwenye vyumba kwanza.

Mimi nina swali moja tu, na nimewapanga wauzaji wote hapa chini kwa swali hilo: mkataba unaisha lini?

Mle ndani, kwa muda wa saa tano na nusu, niliuliza kila kitu. Niliuliza kama mama akija kutoka Tanga ataweza kulala nasi. Niliuliza kama kuna mashine ya kufulia. Kuisha sikuuliza, kwa sababu nilidhani kila kitu kinaisha: mkopo wa gari unaisha, wa nyumba unaisha. Mwaka wa tatu, bili imepanda tena, ndipo nikaufungua mkataba nikausoma na kamusi mkononi. Hauna mwisho. Ni wa milele, halafu unasema utawafunga na warithi wangu. Nasra alikuwa na miaka 11.

Ubaya wa milele ni huu. Kila mwaka kuna ada ya matunzo, uende usiende. Kwa wiki ya kawaida Marekani ada hiyo sasa ni zaidi ya dola 1,000. Yangu ya nusu-nusu ilianza 640, mwaka huu imeingia 911. Inapangwa na chama cha wenye zamu, ambacho mara nyingi kampuni yenyewe ndiyo inakiendesha, na mkataba wangu hauna sentensi inayosema haitavuka hapa. Jengo linazeeka. Kimbunga kikipita Florida paa linang'oka, mnachangishwa mchango maalumu juu ya ada. Wenye zamu wakifa au wakiacha kulipa, mzigo wao unagawiwa mliobaki. Kwa hiyo unamiliki kitu ambacho kila mwaka gharama yake inapanda na hamu ya mtu kukichukua inashuka, na huwezi kukitupa jalalani. Ndiyo maana eBay utaona wiki za watu zikiuzwa dola 1, na hata kwa dola 1 zinakaa.

Hispania waliliona mapema. Sheria yao ya 1998 iliweka ukomo wa miaka 50 kwa mikataba hii, na kuanzia 2015 Mahakama yao ya Juu imekuwa ikibatilisha ile ya milele. Kwa hiyo nyinyi ndugu zetu wa Uingereza mnaoalikwa kisiwa chao cha Tenerife mna pa kushika. Sisi wa huku tunasaini milele mchana kweupe na kupongezwa.

Sasa tuwapange.

Wa kwanza ni Disney Vacation Club, lakini mtumba. Nina upendeleo, nausema mapema ili usije kunilaumu. Disney hawakuuzii milele. Wanakuuzia haki ya kukaa mpaka tarehe fulani, na tarehe imeandikwa. Old Key West, hoteli ambayo ndiyo waliyoanza nayo 1991, mikataba mingi inaisha 2042, na BoardWalk hivyohivyo. Saratoga Springs 2054. Animal Kingdom 2057. Siku ikifika, kwisha habari. Nasra hatarithi bili. Mtu anaweza kulalamika kwamba unalipa pesa nyingi kwa kitu kitakachoisha. Ndicho ninachokitaka.

Ukinunua kwao moja kwa moja pointi moja ni zaidi ya dola 200. Mtumba, kutoka kwa mwenye pointi anayejiondoa, Animal Kingdom huipata kwa karibu nusu ya hapo. Disney wana haki ya kwanza: mkishakubaliana bei na muuzaji, wao wanaweza kuingia na kununua kwa bei hiyohiyo, wewe ukabaki mikono mitupu. Inaudhi, lakini ndiyo inayozuia bei isife kama ya wiki yangu. Ada yake si ndogo, Animal Kingdom haipungui dola 8 kwa pointi, kwa hiyo pointi 100 zinataka zaidi ya dola 800 kila mwaka. Na usinunue mtumba wa Riviera, hoteli yao nyingine, ukidhani utazunguka kwingine: tangu 2019 pointi za mtumba za Riviera zinalala Riviera tu. Kasoro nyingine ni ya kwetu sisi wa zamu za kazi. Unakonunua unaruhusiwa kupanga miezi 11 kabla, kwingine miezi 7, na siku nzuri zinakwisha mapema. Mimi ratiba yangu ya kazi inabandikwa ukutani wiki sita kabla. Unaona ugomvi wake.

Nikiri pia kwamba moyo wangu umeegemea huko kwa majina. Tulikaa Animal Kingdom siku nne mwaka 2022. Jengo moja linaitwa Jambo House, jingine Kidani Village, na hapana, hakuna aliyevaa kidani. Migahawa ni Jiko, Boma na Sanaa. Bwawa la Jambo House ni Uzima, la Kidani ni Samawati. Asubuhi unafungua mlango wa baraza, twiga anapita. Baba Nasra alisimama na kikombe chake cha kahawa akasoma kibao cha bwawa kwa sauti, akasema, "Mama Nasra, tumetoka Tanga tukapita Ohio kuja kuogelea Uzima kwa dola." Hatukununua. Tulikodi pointi za mwenye nazo, na hilo nitalirudia hapo chini kwa kifupi.

Wa pili, Marriott na Hilton pamoja, kwa sababu kwa swali langu wanafanana: nyingi ya wanazouza hazina mwisho. Ubora upo, sikatai. Lakini jua unanunua kwa nani. Kampuni ya zamu za Marriott ilijitenga na hoteli mwaka 2011, ya Hilton mwaka 2017. Jina la getini ni la kuazima. Hilton hao wa zamu wakanunua kampuni nyingine za zamu, Diamond mwaka 2021 na Bluegreen mwanzoni mwa 2024, kwa hiyo kuna watu walisaini na kampuni moja wakaamka na nyingine, na mkataba wa milele ukaendelea kutembea chini ya bango jipya. Mtumba wao ni rahisi sana kuliko wa dukani, ila mwenye mtumba wa Hilton haingii kwenye mpango wao mpana wa HGV Max. Kama lazima, chukua mtumba, na ujue hutoki kwa tarehe, utatoka kwa kumpata mtu.

Wa tatu ni Wyndham. Ningewaweka mwisho, wamepanda kwa kitu kimoja: wana mpango wa kupokea zamu ambayo mkopo wake umekwisha na mwenyewe ameichoka. Unarudisha, hurudishiwi hela, lakini unatoka. Mlango mdogo ni mlango. Kabla ya kusaini na kampuni yoyote, uliza kama wana mpango kama huo na uandikwe; neno la muuzaji halina muhuri.

Hizi wiki za dola 1 za mtandaoni, usiguse. Bei ni dola 1, ada ni ileile ya kila mwaka. Na kukodi zamu ya mtu kwa likizo moja ni rahisi kuliko vyote, hakuna mkataba. Nenda kakodi, sina zaidi la kusema hapo.

Sasa wauzaji, maana hapa nina donge. Yule wetu aliniita malkia wa Afrika kabla hajajua jina langu. Akachora kwenye karatasi gharama za hoteli zetu za miaka 20 ijayo, hoteli ambazo hatujawahi kulala wala hatukuwa na mpango. Bei ilianza dola 32,000. Tulipokataa akaja bosi, ikawa 24,000. Tulipokataa tena akaja mama mmoja mtaratibu wa kutuuliza tu maoni yetu kabla hatujaondoka, akafungua droo, kumbe kuna familia imerudisha zamu yao jana, 16,500, ila ni leo tu. Nimekulia kwenye bei za kupatana, nilijiona nimewakomoa. Lakini Kariakoo ukishindwana bei unaondoka unaingia duka la pili, na kesho duka lipo. Pale ndani hakuna duka la pili, na watoto wana njaa. Bei inayoshuka nusu kabla ya chakula cha mchana haikuwa bei tangu mwanzo. Baadaye wakagonga kengele, watu wote wakapiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, nikapunga mkono.

Na likizo yenyewe ni ya nani? Sisi likizo zetu zinajulikana. Ukipata wiki tatu na nauli, unakwenda nyumbani Desemba, kuna harusi, kuna arobaini ya mtu. Tangu 2018 tumelala kwenye ile wiki yetu mara mbili.

Ukishasaini ukajuta, sikiliza hapa kwa makini kuliko popote. Florida sheria inakupa siku 10 za kalenda kughairi na kurudishiwa kila senti, zinahesabiwa tangu usaini au tangu upokee hati zote, chochote kilichokuja mwisho. Hakuna karatasi yoyote unayoweza kusainishwa ya kuifuta haki hiyo. California ni siku 7, Nevada 5, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya 14. Mimi nilishtuka siku ya nane. Nikapiga simu. Yule kijana akaniambia kwa upole nisiwe na wasiwasi, mtu wa ofisini atanipigia wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa siku ya kumi na mbili. Kughairi ni kwa maandishi, kwa anwani iliyoandikwa ndani ya mkataba, na Florida wanahesabu tarehe ya muhuri wa posta. Simu si kitu. Barua iwe mistari minne: jina lako, namba ya mkataba, tarehe uliyosaini, naghairi. Usieleze sababu, ukieleza watakujibu. Itume kwa rejista na ushike risiti.

Siku zikishapita, jihadhari na wanaojitangaza redioni kwamba watakutoa kwa dola elfu kadhaa za kutanguliza. Na mtu akipiga simu kwamba ana mnunuzi wa zamu yako, ila utume kwanza hela ya kodi, wewe kata simu. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Puerto Vallarta, Meksiko, kwa utapeli huo huo, na nyuma yao lilikuwa genge la dawa za kulevya la Jalisco. Wanawalenga wazee hasa. Kuhusu watoto, nimeuliza mwanasheria: mrithi anaweza kuikataa zamu kwa maandishi, mradi asiwe ameshaitumia wala kuilipia. Barua ya Nasra nimeshaiandika, iko kwenye bahasha na vyeti vyao vya kuzaliwa.

Dada mmoja wa Minnesota ameniandikia Jumatatu. Amesaini Orlando Jumamosi, dola 19,000, na yeye anauliza kama pointi zake zitamfikisha Hawaii. Nimemwambia ya Hawaii tutazungumza baadaye, fungua mkataba utafute neno la kuisha. Amenijibu baada ya saa nzima kwamba halipo. Jana ilikuwa siku ya nne. Amenitumia picha ya risiti ya posta.