Mtori wa vikopo baada ya kutolewa tumbo: uzoefu wangu Moshi

Februari niliondolewa mfuko wote wa tumbo kwa sababu ya saratani. Umio umeungwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula hakina tena pa kusubiri, ndiyo maana nakula kidogo kidogo mara 6 hadi 8 kwa siku. Mke wangu anatoka kazini jioni, nami sikuweza kusimama jikoni. Jirani akanielekeza kwa dada mmoja wa Pasua, hapahapa Moshi, anayepikia wagonjwa na kuwatumia kwa bodaboda.

Huu ni mwezi wa tatu. Vikopo 4 kwa siku, shilingi 14,000 pamoja na usafiri, vinakuja saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri.

Mtori wake wa ndizi na nyama ndio ulioniinua. Kwetu Uchagani mtori ni chakula cha mama aliyetoka kujifungua, na wengi huupika mwepesi, wa kunywa. Mwili wangu uliukataa. Majimaji yakiingia pamoja na chakula, vyote vinateremka mbio: dakika 20 hazipiti, moyo unadunda, jasho linanitoka, kisha naharisha. Nilimweleza, akanisikiliza mpaka mwisho. Siku hizi anaponda ndizi mshare ziwe nzito, nyama imesagwa humohumo, kijiko kinasimama. Supu nainywa peke yake, nusu saa baadaye. Namshukuru sana kwa hilo.

Kasoro zipo. Wiki ya pili niliupata uji wa ulezi wenye sukari nyingi, wa mgonjwa mwingine. Baada ya muda wa saa 2 hivi mikono ilitetemeka na macho yakaingia giza, sukari ya damu ilikuwa imepanda mbio kisha ikashuka mno. Niliogopa mno. Aliomba radhi, na tangu hapo anaandika jina langu kwenye kila kifuniko. Halafu masika haya bodaboda alichelewa mara tatu, siku moja hadi saa 7 mchana. Kwa siku kama hizo, weka mtindi na yai la kuchemsha karibu na kitanda.

Nilishuka kutoka kilo 71 hadi 57, sasa nina 60. Ila sindano ya vitamini B12 naendelea nayo maisha yangu yote. Kinachosaidia mwili kuifyonza kutoka kwenye chakula kilikuwa kinatengenezwa tumboni, hivyo hata nyama anayoipika dada haiwezi kuziba pengo hilo.

Ukimwagiza, mpigie jioni ya kuamkia siku hiyo, umwambie mapema: bila sukari, supu kando.