Kapeti la plastiki la mita mbili kwenye gari la kulala: tathmini baada ya msimu mmoja wa mvua

Kapeti ninalolitathmini hapa ni lile la plastiki linalouzwa kwa mita, lenye upana wa mita 2 na nakshi ya mbao, ambalo wengi wetu tumelizoea sebuleni na katika vyumba vya kupanga. Nililinunua katika duka moja la Mwanga, hapa Kigoma, kwa shilingi 18,000 kila mita, si kwa ajili ya nyumba bali kwa ajili ya Toyota Coaster ya zamani ambayo zamani ilibeba abiria na sasa familia yangu imeigeuza kuwa gari la kulala ndani. Ina vitanda viwili, jiko dogo la gesi na tangi la maji la lita 60, nayo ndiyo tunayosafiria kwenda Tabora kwa wakwe zangu kupitia Uvinza na Urambo. Kazi ya kung'oa sakafu na kuweka mpya niliifanya mwenyewe pamoja na mpwa wangu kwa siku sita.

Muuzaji aliponiuliza nyumba yangu ina vyumba vingapi nikamweleza kuwa ni gari, alinipa ushauri ambao naamini anampa kila mtu: "Mzee, hili unalitandika juu ya lile la zamani, unapaka gundi, kazi imekwisha." Nilimshukuru, lakini sikuufuata, kwa sababu karibu na tangi la maji sakafu ilikuwa ikibonyea chini ya kisigino. Tulipoondoa kapeti la zamani tulikuta plaiwudi imeoza kiasi cha kumeguka kwa vidole, na chini yake bati la sakafu limeshika kutu. Maji hayakutoka kwenye tangi kama nilivyodhani, bali yaliingia kupitia mpira wa dirisha uliopasuka, yakateremka ndani ya ukuta na kutulia chini ya kapeti ambalo halikuyaruhusu kukauka. Hapo ndipo ilipo hatari ya bidhaa hii, nami ninaisema mapema ili asiwepo mtu wa kununua kwa haraka: plastiki inazuia maji yasipite kutoka juu, na kwa nguvu ileile inayafungia yale yaliyoingia kwa chini.

Kwa hiyo siku tatu za mwanzo hazikuhusu kapeti kabisa. Tulibadilisha mpira wa dirisha, tukamwagia gari maji kwa ndoo ili kuhakikisha hapaingii tone, tukasugua kutu kwa brashi ya waya, kisha tukapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Badala ya plaiwudi ya kawaida nilichagua marini bodi ya milimita 12, ambayo tabaka zake zimeunganishwa kwa gundi isiyoachia kwa maji. Hata hivyo ubao wenyewe bado ni ubao na hunywa maji kupitia kingo zilizokatwa, ndiyo maana kila ukingo tuliupaka rangi ya mafuta kabla ya kuufunga. Fundi mmoja alinishauri nitumie ya milimita 18, lakini kwa sakafu yangu yenye upana wa sentimita 186 na urefu wa sentimita 480 tofauti hiyo ingeongeza kilo 30 hivi, na gari linalobeba maji, gesi na watoto halina sababu ya kuongezewa uzito usiohitajika. Bodi nne za sentimita 244 kwa 122, zikilazwa kukingama, zilitosha. Anayekusudia kufanya kazi hii achungulie kwanza chini ya gari na kuweka alama mahali palipo na tangi la mafuta na nyaya, kwa kuwa skrubu ndefu kupita kiasi ikitoboa hapo italeta janga.

Sasa nalirudia kapeti lenyewe. Sifa yake kubwa kwa gari la aina hii ni upana, kwani mita 2 zinafunika sakafu ya Coaster kutoka ukuta hadi ukuta bila kiungo, na mahali pasipo na kiungo hapana mlango wa maji. Dukani kulikuwa na aina mbili za unene uleule: moja ina mgongo wa nguo laini, nyingine ni plastiki tupu juu na chini. Ile ya mgongo wa nguo ni nzuri mguuni na ni nafuu kidogo, lakini nguo hunywa maji na kutoa harufu, kwa hiyo ndani ya gari siipendekezi hata kidogo. Nilichukua mita 6 za plastiki tupu, nikazikunjua kivulini usiku mzima ili zilegee, kisha nikakata kwa kufuata kielelezo cha maboksi yaliyobandikwa pamoja, hasa kwenye mabonge ya magurudumu ambako jicho peke yake hudanganya.

Gundi ya kopo niliyouziwa pamoja nalo ndiyo iliyonisumbua. Niliambiwa nipake upande mmoja na kubandika papo hapo, nami nikatii kwenye mita ya kwanza karibu na mlango. Asubuhi yake kapeti lilikuwa limejaa malengelenge. Gundi ya namna hiyo hupakwa pande zote mbili na kuachwa mpaka isinate kidoleni, la sivyo mvuke wake hunaswa chini na kuinua plastiki. Tuliibandua sehemu hiyo, tukaisafisha na kurudia, milango na madirisha yote yakiwa wazi kwa sababu harufu yake inaumiza kichwa. Kwingine kote tulipaka gundi pembezoni tu, tukaacha nafasi ya milimita 5 kila ukuta na kuifunika kwa ukanda wa aluminiamu, kwani plastiki hutanuka gari linaposhinda juani.

Tangu Novemba tumepita mvua zote na barabara za vumbi jekundu upande wa Kasulu. Vumbi hutoka kwa kitambaa chenye unyevu bila kuacha alama, jambo ambalo kapeti la manyoya haliliwezi kamwe. Mtihani mgumu ulikuja pale dumu la mawese tuliyokuwa tukimpelekea mama mkwe lilipovuja usiku kucha. Tulifuta kwa maji ya moto na sabuni, ikabaki rangi ya manjano kwenye nakshi iliyo nyepesi, nayo ilipungua sana baada ya kuacha milango wazi ili jua lipige hapo kwa siku kadhaa. Anayesafirisha mawese au dagaa achague nakshi nyeusi.

Mapungufu niliyoyaona ni mawili. Miguu ya chuma ya kitanda imeacha mashimo ambayo hayajarudi, ingawa baadaye niliiwekea vipande vya ubao. La pili ni zito zaidi: pembeni mwa kifuniko cha injini, katikati ya viti vya mbele, joto limelikunja kapeti na kuachia gundi kwa urefu wa kiganja. Bidhaa hii haifai mahali hapo, na muuzaji yeyote anayejua inakokwenda angepaswa kusema hivyo. Nimelikata upande huo na kuweka mpira mnene.

Kwa sakafu iliyobaki ningelinunua tena, na kwa bei hiyohiyo. Mita moja iliyosalia nimeilaza chini ya tangi la maji bila kuigundisha, ili kila tukirudi safari niinue na kupapasa ubao kwa mkono. Mwezi huu ubao ulikuwa mkavu.