Valérian na Laureline: anza na juzuu ya 3

Ukizikuta juzuu saba za mkusanyo wa Valérian na Laureline, kila moja na hadithi kadhaa, zimepangwa rafuni, mkono utakwenda wenyewe kwenye ya kwanza. Uzuie. Mwandishi Pierre Christin na mchoraji Jean-Claude Mézières walianza katuni hii ya mawakala wawili, Valérian na mwenzake Laureline, wanaosafiri angani na katika wakati, mwaka 1967, katika jarida la Kifaransa la Pilote, wakaihitimisha 2010. Mwanzoni walikuwa bado wanajitafuta, na vitabu vya jalada gumu si bei ya karanga.

Nunua kwanza juzuu ya 3. Humo mna Ambassador of the Shadows ya 1975, na hiyo peke yake inatosha kurudisha fedha yako. Balozi wa Dunia anatekwa katika Point Central, kituo kikubwa mno angani ambako kila jamii ya viumbe imejijengea makao yake. Valérian naye anachukuliwa, na kuanzia hapo hadithi ni ya Laureline. Anawatafuta mtaa kwa mtaa, akinunua habari kwa viumbe ambao hawatoi neno bure. Malipo anayatoa kwa kinyama kidogo chenye kununa: ukikilisha kitu kimoja cha thamani, kinatoa vingi vinavyofanana nacho. Kitazame usoni kila kinapolazimishwa kazi, utakihurumia. Filamu ya Luc Besson ya 2017 ilichota sana humu, ila kitabuni Laureline ndiye anayebeba mzigo.

Ya pili ni juzuu ya 2, kwa sababu ya Welcome to Alflolol. Wenyeji wenye umri mrefu ajabu wanarudi kwao baada ya matembezi ya miaka 4,000, wanakuta watu wa Dunia wamegeuza sayari yao viwanda vitupu. Wanatengewa eneo la kuishi, kisha wanaambiwa asiyefanya kazi hali. Ni hadithi ya Kifaransa ya 1972, lakini msomaji ambaye babu yake alihamishwa shambani kumpisha mlowezi ataisoma taratibu sana.

Sasa rudi kwenye ya 1. Ukishampenda Laureline, utataka kujua alikotoka: msitu wa Ufaransa wa karne ya 11. Humo pia mna New York iliyofurika maji.

Juzuu ya 4 ina faida yake: hadithi ya Châtelet (Paris) na Brooklyn (New York) iligawanywa vitabu viwili, na hapa unaipata nzima bila kuachwa njiani. Za 5 hadi 7 ziache mwisho; bila za kabla hutafaidi.

Kwa Kiingereza utazipata kwa wachapishaji Cinebook. Anayesoma Kifaransa, kama wengi wa Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura, achukue za mchapishaji Dargaud, ausikie ulimi wa Christin mwenyewe.

Kabla ya kulipa, angalia namba vizuri. Cinebook wana pia vitabu vyembamba, hadithi moja moja, navyo vina namba zake. Mimi niliwahi kuagiza namba 6 nikitarajia mkusanyo mnene, kikanifikia kitabu chembamba cha jalada laini. Kumbe ndicho chenye Ambassador of the Shadows. Kwa hiyo kama bei ya juzuu ya 3 imekuzidi, agiza hicho chembamba cha namba 6.