SpyderX Pro: kipimio cha skrini kwa anayeona picha zake zimeungua

Wapiga picha wengi wana malalamiko yale yale: picha iliyoonekana safi kwenye kioo kidogo cha kamera ikifunguliwa kwenye kompyuta huwa nyeupe kupita kiasi, kanzu ikapoteza mikunjo yake, shela la bibi harusi likageuka doa tupu, na paji la uso likang'aa isivyo kawaida. SpyderX Pro ya kampuni ya Datacolor, iliyoingia sokoni mwaka 2019, ni mojawapo ya vipimio vinavyonunuliwa kwa matumaini ya kumaliza tatizo hilo. Nimeitumia kwenye kompyuta mpakato na kwenye skrini ya mezani, hasa katika kazi za harusi, na ninaiona kuwa kifaa kizuri ambacho thamani yake kubwa haimo katika rangi, ingawa rangi ndizo zinazotangazwa zaidi, bali katika kupima mwangaza wa skrini na kuutaja kwa tarakimu.

Kifaa chenyewe ni kidogo, chatosha kiganjani. Kinaunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB na kuning'inizwa mbele ya skrini, huku kifuniko chake kikitumika kama uzani unaoning'inia upande wa nyuma ili kisiteleze. Ndani yake mna lenzi na vihisio vya mwanga. Programu yake huonyesha mabaka ya rangi mbalimbali moja baada ya jingine, kifaa hupima kila baka, kisha matokeo huandikwa katika faili la profaili, yaani maelekezo ya kusahihisha skrini, ambalo kompyuta hulitumia kila inapowashwa. Zoezi zima huchukua dakika chache tu, jambo linalomfanya mtu alirudie bila uvivu. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 169.99 za Marekani, kabla ya kodi na usafirishaji, na kwa mpiga picha wa kawaida wa huku kwetu hiyo si fedha ya kuchezea.

Sababu inayofanya kipimo cha mwangaza kiwe muhimu hivi ni kwamba skrini nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwa ajili ya kuvutia macho dukani, wala si kwa ajili ya kazi ya picha. Kompyuta mpakato ya kawaida hufikia takriban kandela 250 (kipimo cha mwangaza wa skrini) kwa kila mita ya mraba ikifunguliwa mwanga wote, na skrini za mezani mara nyingi hufika 300 au zaidi. Mfumo wa rangi wa sRGB, uliobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na ambao mpaka leo ndio msingi wa picha nyingi za intaneti, ulikusudiwa skrini yenye kandela 80. Programu ya SpyderX Pro hupendekeza 120, kiwango ambacho watu wengi wanaohariri picha hukikubali. Kutoka 250 hadi 120 ni kupunguza zaidi ya nusu ya mwanga wote, yaani kwa lugha ya kamera ni hatua (stop) moja nzima. Picha iliyopigwa sawasawa, ikitazamwa usiku katika chumba chenye taa moja kwenye skrini ya namna hiyo, lazima itaonekana imezidiwa na mwanga, ingawa faili lenyewe halina kasoro yoyote.

Hapo ndipo hasara ya kweli huanza, kwa sababu mhariri anayeamini skrini hiyo huipunguzia picha mwanga mpaka imridhishe machoni, kisha huipeleka studio kusafishwa, na albamu hurudi ikiwa na giza. Mteja humlaumu mwenye mashine ya kuchapa, naye mwenye mashine hulaumu karatasi, na skrini iliyoanzisha ugomvi huachwa salama.

SpyderX Pro hulishughulikia jambo hili kwa utaratibu unaoeleweka. Kabla ya kupima rangi, programu hupima weupe wa skrini, huonyesha kiwango kilichopo na kile kinachotakiwa, kisha humwelekeza mtumiaji kushusha mwangaza kwa vitufe vya skrini na kupima tena hadi tarakimu mbili zikaribiane. Pia hupima mwanga wa chumba na kushauri kiwango kinachoendana nao, ushauri ambao ni wa maana kwa anayefanyia kazi sebuleni penye dirisha kubwa mchana na taa hafifu usiku. Mara baada ya zoezi, skrini huonekana dhaifu na yenye umanjano kidogo, na mtu hushawishika kuirudisha ilivyokuwa. Avumilie. Macho hujizoeza upesi, na baada ya muda ile hali ya zamani ndiyo itakayomchoma. Mwishoni programu hutoa ukurasa wa picha za mfano unaoweza kutazamwa kabla na baada ya marekebisho. Unapendeza, lakini unahusu rangi zaidi kuliko mwangaza, kwa hiyo haukionyeshi kile kifaa kinachokifanya vizuri kuliko vyote.

Hata hivyo, mizani haimnenepeshi mbuzi. Kuna picha ambazo zimeungua kwelikweli, na katika mwanga wa pwani chanzo chake ni rahisi kukieleza. Jua la utosini hutoa mwanga wa takriban laksi 100,000 (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), ilhali chumba chenye taa za kawaida za nyumbani huwa na laksi mia moja hivi. Jicho lililozoea jua la uwanja wa harusi, likikiangalia kioo cha nyuma cha kamera, hukiona kina giza. Mpiga picha huongeza mwanga hatua moja au mbili ili picha "ikae", na jioni kompyuta humwonyesha alichokifanya. Katika picha ya JPEG kila rangi ina ngazi kutoka 0 hadi 255, na sehemu ya kanzu iliyofika 255 katika rangi zote tatu haina tena uzi wala mkunjo wa kurudishwa. Faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera yenye biti 12 au 14 na hivyo ngazi nyingi zaidi, huacha nafasi kidogo ya kuokoa sehemu hizo, lakini nalo lina kikomo. Kipimio cha skrini hakina la kufanya hapo. Kinachosaidia ni histogramu ya kamera, ule mchoro wa vilima unaoonyesha ngazi za mwanga za picha kutoka giza kushoto hadi weupe kulia, ambayo haijali jua wala kivuli: vilima vyake vikibanana kwenye ukingo wa kulia, picha imezidiwa, hata kama kioo kinaonyesha vingine.

Zipo pia sababu nyingine ambazo mnunuzi hafai kuzitwisha kifaa hiki. Kompyuta nyingi za bei nafuu hutumia paneli za aina ya TN, ambazo mwangaza wake hubadilika kulingana na pembe ya macho. Ukiitazama kutoka juu picha hupauka, ukishuka chini huingia giza. Kifaa hupima kikiwa kimeikabili skrini moja kwa moja, hivyo profaili yake ni ya kweli kwa anayekaa vivyo hivyo tu. Kwa skrini kama hiyo, fedha za kipimio zingefaa zaidi kuwekwa akiba ya kununua skrini ya IPS, aina isiyobadilika sana kwa pembe ya macho.

Tatizo la waya wa HDMI ni la siri zaidi, na nadhani huwapotezea watu muda mwingi kuliko yote. Televisheni nyingi hutarajia ngazi za mwanga kutoka 16 hadi 235, ilhali kompyuta hutuma kutoka 0 hadi 255. Mpiga picha akiunganisha kompyuta yake na televisheni ili mteja achague picha, na pande hizo mbili zisikubaliane, kila kilicho juu ya 235 huwa cheupe kabisa, na mawingu na nguo nyeupe hupotea mbele ya macho ya mwenye harusi. Zikitofautiana kinyume chake, weusi hugeuka kijivu na picha nzima hupauka. Hakuna profaili inayoweza kurudisha ngazi zilizokatwa kabla ya kufika kwenye kioo. Dawa ni kubadilisha mpangilio wa kadi ya picha au wa televisheni kwanza, ndipo vipimo vifuatie. Vivyo hivyo kwa hali ya HDR (ya kuonyesha mwanga mkali zaidi) kwenye Windows, ambayo inaweza kubadilisha mwonekano wa picha za kawaida: izimwe kabla ya kupima, na ibaki imezimwa wakati wa kuhariri.

Kuhusu gama, yaani namna skrini inavyopanda kutoka giza hadi weupe, programu hupendekeza 2.2, na mtumiaji hana haja ya kuibadilisha. Kompyuta za Mac zilitumia 1.8 hadi toleo la mfumo wake liitwalo Snow Leopard la mwaka 2009, na ndiyo maana miongozo ya zamani hupingana na ya sasa; picha iliyotayarishwa kwa 2.2 na kuonyeshwa kwa 1.8 huonekana nyepesi na iliyopauka katika sehemu za kati.

Kwa nani basi kifaa hiki kinafaa? Anayechapisha albamu au kutoa picha za matangazo ya bidhaa atarudisha gharama yake kwa kuepuka kazi chache za kurudiwa. Anayeweka picha kwenye simu za watu pekee aanze na vipimo vya bure vya Lagom vinavyopatikana kwenye intaneti, hasa kile cha weupe, ambacho huonyesha miraba hafifu juu ya mandhari meupe. Kama miraba ya juu haionekani kabisa, ashushe ukolezi (contrast) wa skrini, ambao huwa na kitufe chake mbali na kile cha mwangaza, kabla hajaingia mfukoni. Hilo peke yake huponya skrini nyingi.

Mnunuzi asichukue SpyderX Elite, toleo la juu la kifaa hiki, kwa kudhani kwamba inapima vizuri zaidi. Kifaa ni kile kile, tofauti imo katika programu, na programu ya bure ya DisplayCAL ya Florian Höch, inayotegemea programu nyingine, ArgyllCMS ya Graeme Gill, hukifanyia kazi kifaa hicho na kumruhusu mtumiaji achague mwangaza na gama apendavyo. Inadai subira zaidi, kwa kuwa vipimo vyake huchukua muda mrefu na maelezo yake ni ya kitaalamu, lakini kwa anayenunua kifaa kilichokwisha kutumika ina faida ya ziada: programu ya Datacolor huhitaji namba ya usajili inayokuja na boksi, na boksi ndilo kitu cha kwanza ambacho wauzaji wa mitumba hulitupa.